Hao kondoo uliwaona wapi?

Bwana asifiwe wapendwa. Neno la wiki hii ni Habakuki 2:2, pale BWANA anamjibu nabii, "Iandike njozi ukaifanye iwe wazi sana katika vibao, ili aisomaye apate kuisoma kama maji." Mnivumilie kidogo maana leo naongea mambo ya kuandika, na najua kuna mwenye atasema mimi nauza mboga, kuandika ni ya walimu. Hata mimi ni fundi wa nguo hapa Kibuye, Kisumu, kalamu naishika nikiandika vipimo vya watu tu, kifua ngapi, kiuno ngapi, basi.

Sasa mwezi uliopita kwaya wakaniomba shairi la Jumapili ya mavuno, la kusomwa kabla sadaka haijapelekwa mbele. Sijui nani aliwadanganya. Nikakubali, nikakaa usiku tatu na daftari, nikatoa beti sita ambazo mimi mwenyewe nilizisoma nikajipigia makofi. Kulikuwa na malisho ya majani mabichi, kondoo weupe, ngano inayumbayumba, mzeituni, na theluji pia nikaweka. Theluji! Mtu amezaliwa Kisumu, baridi kali anayoijua ni ile ya friji ya soda.

Alhamisi nikapanda boda nikaenda Dunga, kule ufuoni mwa ziwa, kumpelekea mteja sare yake ya akina mama. Ni mama wa makamo, anakausha omena, wale dagaa wetu, pale ufuoni miaka mingi. Nikamkuta ameinama juu ya nyavu kuukuu zimetandazwa chini, omena zimemwagwa zinang'aa kama vipande vya bati, naye anazigeuza kwa mikono huku akitoa fulu, samaki wengine wadogo wa ziwa, mojamoja na kuwatupa kwa beseni. Nikaona wacha nimsomee, ati nipate sifa kabla ya Jumapili. Akasikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi. Alafu akaniuliza, polepole kabisa, "Nyathina," yaani mwanangu, "hao kondoo uliwaona wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kondoo anaowajua ni wa huyo jirani wa pale juu, na hao wanakula makaratasi.

Wapendwa, hilo swali lilinifuata mpaka kwa cherehani. Nikashona mfuko mmoja mara mbili.

Kwa sababu ukifikiria vizuri, Daudi kuandika kondoo haikuwa mapambo. Alichunga, Bethlehemu, alijua harufu yao, alijua bonde lenye giza ni lipi na fimbo inashikwaje. Zaburi 23 ni mtu anaongea kazi yake na mahali pake, ndio maana mpaka leo inamfikia hata mtu wa mjini asiye na kuku. Mimi nilichukua kondoo wake nikamwachia uchungaji. Hata yale majani mabichi yangu, siku hiyo pale Dunga kitu pekee kilikuwa kibichi mbele yangu ni gugu maji. Mnalijua nyinyi watu wa hapa. Ukiwa mbali unaweza kuapa ni shamba, kijani mpaka macho yanachoka, na maua yake ya zambarau yanapendeza kweli, lakini ni mgeni kutoka Amerika Kusini, upepo ukigeuka usiku asubuhi unakuta ufuo wote umezibwa na mashua hazitoki. Nikaona shairi langu hapo. Kijani tupu juu, na maji hayaonekani, na nabii ameambiwa isomeke kama maji.

Nikarudi kwa Injili na macho mengine. Yesu mwenyewe alitunga vipi? Mathayo 13, watu wamekuwa wengi, anapanda chomboni anaketi, umati umesimama ufuoni, na anaanza hadithi ya mpanzi. Baadaye siku hiyo hiyo anawaambia wanafunzi ufalme wa mbinguni umefanana na juya, yaani wavu mkubwa, lililotupwa baharini likakusanya wa kila namna, likijaa wanalivuta, wanakaa chini, wanachagua wazuri wanaweka vyomboni na wabaya wanatupa. Alafu anauliza kama wamefahamu na wanasema naam. Si wangesema tu! Kina Petro walikuwa wavuvi, hiyo kazi ya kuchagua waliijua. Ni kazi ile ile niliyoikuta mama akiifanya Alhamisi, saa nne asubuhi, isipokuwa sisi fulu hatutupi, zinaenda kwa sufuria.

Na hilo ziwa lake la Galilaya ni dogo jamani. Ni kama kilomita za mraba 166 tu, hili letu Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, ni karibu 68,800, unaweza kulipanga lile ndani ya letu mara mia nne na bado ubaki na maji. Lakini angalieni vitu alivyotoa hapo padogo. Mwana wa Mungu angeweza kuongea lugha ya malaika, akachagua nyavu, chachu, taa, mbegu ya haradali, vitu vya mtaa wao. Hii inanigusa kuliko ninavyoweza kueleza. Sisi tunadhani tukitaja mambo ya kwetu tumemshushia Mungu heshima, ati omena haifai madhabahuni, afadhali mzeituni. Mzeituni wa nani?

Tena ukitaka kujua mtu alikuwa mahali, angalia vitu vidogo anavyokumbuka. Yohana 21 kuna moto wa makaa ufuoni, na samaki wakubwa 153. Si "wengi", ni 153. Kuna mtu alihesabu, na mtu wa samaki lazima ahesabu, hata pale Dunga hakuna anayekuambia amepata omena nyingi, anakuambia gorogoro ngapi, ule mkebe wa kupimia. Na Marko 4, ile dhoruba, ameandika kwamba Yesu alikuwa kwa shetri, nyuma ya chombo, amelala juu ya mto. Ule mto wa kulalia ulihitajika kwa hadithi? Haukuhitajika. Lakini aliyeuona hakuweza kuuacha.

Basi Jumamosi nikarudi Dunga na daftari la vipimo, nikamwambia mama nimetoa kondoo. Akasema vizuri. Nikamuuliza sasa niweke nini, akaniambia kaa hapo uangalie. Nikakaa kwa ndoo iliyopinduliwa karibu masaa mawili, na niseme ukweli, nusu ya kwanza sikuona kitu, niliona uchafu na mbu na jua linachoma. Alafu pole pole vikaanza kujitokeza. Vile mafunjo yanainama yote pamoja halafu moja linabaki limesimama. Vile akina mama wanatazama juu kila baada ya dakika chache bila kuambiana, kwa sababu mvua ikipiga omena zikiwa nje haziuziki tena za kula, zinaenda kuwa chakula cha kuku na bei inaanguka. Hayo macho yanayopanda juu, ndugu zangu, niliyaona nikasema hiyo ni sala, haina maneno lakini ni sala.

Nikadhani nimemaliza. Mama akasema, "Na upepo uandike." Akaniambia kuhusu mtoto wa dada yake, alienda usiku mmoja wa giza, maana omena huvuliwa usiku usio na mwezi ili taa ziwavute, upepo ukaja alfajiri, mashua ikapatikana na yeye hakupatikana. Aliongea huku akigeuza omena. Hakuinua sauti. "Hayo pia ni ya ziwa. Kama unaandika mavuno, andika yote."

Hapo sikuwa na jibu. Nilitaka shairi la shukrani, watu wapige vigelegele, sadaka iende mbele. Lakini wale waliokuwa kwenye mashua na Yesu hawakuificha ile kelele yao, imeandikwa mpaka leo, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Ni swali la kukosa adabu kabisa na liko ndani ya Injili. Hata mwaka 2020 ziwa lilipopanda likaingia kwa nyumba za watu, ni wangapi wetu tuliuliza hivyo kimoyomoyo alafu Jumapili tukaimba tuko sawa. Mahali unapopapenda panakuumiza pia, na ukiandika uzuri peke yake wenyeji watajua unawaandikia wageni.

Nikaandika beti tatu badala ya sita. Hii ndio ya kwanza, na msiniulize vina, vinachechemea:

Taa zao za usiku, juu ya maji meusi,
Zaita omena waje, wanakuja kama mvua,
Mmoja hakurejea, mashua ilipotua,
Bwana wajua mahali, twakungoja ufuoni.

Nilimsomea mama, na kulikuwa na kijana mvuvi ameketi kando anashona wavu uliokatika, fundi mwenzangu kwa namna fulani, sindano yake ni ya mbao na uzi ni wa nailoni. Yeye ndiye aliinua kichwa. Akasema maneno ni sawa, lakini omena haziji kama mvua. Ukiwa juu ya mashua usiku ukiangalia chini ya taa, zinakuja kama moshi, unaona tu maji yanakuwa mazito polepole.

Nimebadilisha. Sasa ni "wanakuja kama moshi", na silabi bado ni nane, nikamshukuru Mungu kwa hilo pia.

Kwa wiki hii nawaombea kila mmoja apate saa moja ya kukaa mahali pake, kama ni jikoni, kama ni steji, kama ni shambani kule Seme, na kipande cha karatasi. Bwana tufumbue macho kama Yakobo alivyoamka pale Luzu akasema kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua. Amina.

Shairi litasomwa Jumapili ibada ya pili. Nimemwalika mama na yule kijana. Kijana amesema mwezi ukiwa mkubwa hawaendi majini kwa hiyo atakuja. Mama amesema atakuja kama hakutanyesha.