Mashine ya kufyekea nyasi iligoma kuwaka, nikaanzia kwenye plagi

Injini ndogo ya mashine ya kufyekea nyasi, ile ya kamba inayozunguka, haina mambo mengi. Inataka mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake, inataka cheche ya plagi kwa wakati wake, na inataka mgandamizo ndani ya silinda. Kimoja kikikosekana, utavuta kamba ya stata mpaka bega liume na wala haitakohoa.

Yangu nilipewa na mjomba. Ilikuwa imelala stoo kwake miezi mingi, mafuta yakiwa ndani ya tangi. Kwa nje ilikuwa safi, kamba ya kukatia imejaa kwenye kichwa chake, kinga ipo mahali pake. Niliwasha swichi, nikabonyeza kile kipira cha kuvutia mafuta, nikafunga choki, kile kizibo cha kupunguza hewa, nikavuta. Kimya. Nikavuta tena na tena, kimya kilekile.

Nilimpigia simu mzee mmoja aliyetengeneza misumeno ya petroli kwa miaka mingi. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza, "Umeivuta sana?"

"Sana, mzee."

"Basi pumzika, mwanangu, na kamba yenyewe ipumzike. Fungua plagi uitazame. Ukiikuta kavu, mafuta hayafiki. Ukiikuta imelowa, mafuta yanafika ila hayaungui. Ukishajua hilo, nusu ya kazi umeimaliza."

Maneno hayo machache ndiyo yaliyoniongoza mpaka mwisho, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya. Watu wengi mashine ikigoma hukimbilia kununua kabureta, inayochanganya mafuta na hewa, au koili, inayotoa umeme wa cheche, kabla hawajaitazama plagi, ilhali plagi hufunguliwa kwa spana moja na inakuonyesha upande wa kuelekea.

Kabla ya plagi nilikagua swichi, kwa kuwa haichukui muda. Katika injini hizi swichi huzima kwa kuupeleka umeme wa koili kwenye chuma cha injini badala ya kuuacha ufike kwenye plagi. Kwa hiyo waya wake ukichubuka na kugusa chuma, mashine itakuwa imezimwa hata kama swichi inaonyesha imewashwa. Waya wangu ulikuwa mzima.

Nikachomoa kofia ya plagi, nikafungua. Ilikuwa kavu kabisa, haina hata harufu ya petroli. Rangi yake ilikuwa kahawia hafifu, dalili kwamba siku zake za mwisho za kazi injini ilikuwa ikiunguza vizuri. Ingekuwa nyeusi yenye masizi makavu, ningeshuku chujio la hewa lililoziba au mafuta kuzidi hewa. Ingekuwa nyeusi yenye utelezi, ningeshuku oili nyingi kwenye mchanganyiko. Nyeupe ni ishara ya joto kali na mafuta haba, na hiyo ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu katika injini hizi mafuta ndiyo hubeba oili inayolainisha pistoni. Nikapima mwanya wa ncha za plagi, pale cheche inaporuka, kwa fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia nafasi, nikakuta uko ndani ya 0.6 hadi 0.7 mm, kipimo cha kawaida kwa injini nyingi za aina hii.

Halafu cheche. Nilifuta mafuta yote yaliyomwagika, nikafunga kifuniko cha tangi, nikasogea mahali penye hewa. Nikairudisha plagi kwenye kofia yake, nikaugusisha mwili wake wa chuma kwenye mapezi ya silinda, mbali na tundu la plagi, kisha nikavuta kamba. Cheche ya buluu ikaruka. Hapo nikaiacha koili na sumaku zake zipumzike. Mvuke wa petroli hauna mzaha, kwa hiyo kipimo hiki kisifanywe karibu na tangi lililo wazi, wala usiishike plagi kwa mkono mtupu.

Mgandamizo niliupima kwa njia ya mafundi: plagi ikiwa imefungwa, nikashika mpini wa kamba na kuiacha mashine ining'inie kwa uzito wake. Ilishuka polepole, kwa vituo, ikishikwa kila pistoni inapopanda. Ingeteremka moja kwa moja bila upinzani, basi ringi za pistoni au silinda ingekuwa imekwisha, na hiyo ni kazi ya namna nyingine.

Kipimo cha mwisho ndicho nilichokipenda. Nilidondosha matone machache ya mafuta mapya yaliyochanganywa na oili kwenye tundu la plagi, nikafunga, nikavuta. Injini ikashtuka, ikanguruma kidogo, ikazima. Furaha niliyoipata kwa mngurumo ule mfupi ilikuwa kubwa, kwa sababu ulijibu maswali yote kwa pamoja: cheche ipo, mgandamizo upo, kilichokosekana ni mafuta kufika kwenye silinda. Kazi yote iliyobaki ilikuwa kati ya tangi na kabureta.

Nilimwaga mafuta ya zamani kwenye chombo cha kioo. Yalikuwa yameiva rangi na kunuka kama vanishi. Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi huruka na kubakiza masalia mazito yanayoganda kwenye vijitundu vya kabureta. Kama ina ethanoli, hunyonya unyevu pia. Unyevu ukizidi, maji na ethanoli hujitenga na kutuama chini ya tangi, palepale chujio linapolala. Ndiyo maana maelekezo mengi ya mashine hizi husema mchanganyiko usikae zaidi ya siku 30 hivi.

Mchanganyiko wenyewe uangaliwe kwenye kitabu cha mashine au kwenye kifuniko cha tangi. Yangu inataka 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili ya injini za mapigo mawili kwa kila lita ya petroli. Zipo za 40 kwa 1, ambazo ni mililita 25, na za 25 kwa 1, ambazo ni mililita 40. Usikadirie kwa macho. Na oili ya gari isitumike hapa, kwani haikutengenezwa ili iungue pamoja na petroli.

Nikachukua waya mwembamba, nikaukunja ncha kama ndoana, nikaivua paipu ya mafuta kutoka ndani ya tangi. Chujio lililokuja nayo lilikuwa jeusi na gumu. Paipu yenyewe ilikatika mkononi mwangu, na nilipoikunja nikaona nyufa ndogo ndogo kotekote. Paipu yenye ufa inasumbua sana kwa sababu huwezi kuiona ikivuja. Badala ya kutoa mafuta nje, inavuta hewa ndani, na kile kipira huendelea kuonyesha mapovu hata ukibonyeza mara ngapi. Nilibadilisha paipu zote mbili, ile inayopeleka na ile inayorudisha mafuta kwenye tangi, nikiangalia kipenyo cha kila moja kwa sababu hazilingani. Kuipitisha paipu mpya kwenye tundu la tangi kunahitaji subira: ikate ncha kwa mshazari, ipake mafuta kidogo, ipenyeze, kisha uivute kwa plaizi kutoka upande wa pili. Chujio jipya likafuata. Kitundu cha kupumulia cha tangi nacho nilikizibua, kwani kikiziba, tangi huvuta kama chupa iliyofungwa na mafuta hukataa kutoka.

Sasa kipira kilijaa bila mapovu. Nikavuta kamba ya stata choki ikiwa imefungwa, ikaitika. Nikafungua choki, ikazima. Nikarudia, ikawa hivyohivyo: inaishi kwa choki tu. Maana yake ni kwamba mafuta yanafika lakini kidogo, na choki inasaidia kwa kupunguza hewa. Sikuwa na namna ila kuifungua kabureta.

Hapa tulia. Kabureta za mashine hizi hazina boya. Zina dayaframu mbili, utando mwembamba wa mpira au plastiki kila upande. Mmoja husukumwa na mapigo ya hewa kutoka kwenye kreki, chumba cha injini kilicho chini ya pistoni, na kufanya kazi ya pampu. Mwingine hupanda na kushuka, na kwa kitufe chake cha katikati husukuma mkono mdogo unaofungua sindano ya mafuta. Utando huu wa pili ukikauka na kuwa mgumu, haukandamizi mkono vya kutosha, injini inabaki na njaa. Wangu nilipougusa ulilia kama karatasi, wakati unapaswa kuwa laini.

Nilipiga picha kila hatua kabla ya kutoa chochote, kwa sababu upande mmoja gasketi hutangulia na upande wa pili dayaframu hutangulia, na ukigeuza haitawaka. Nikatoa sehemu zote za mpira kwanza, kwa kuwa dawa ya kusafishia kabureta huziharibu. Nikavaa miwani, nikapuliza dawa kwenye kila kitundu mpaka ikatokea upande wa pili. Chini ya utando wa pampu kuna kichujio cha wavu kidogo kuliko ukucha, na kilikuwa kimefungwa na utelezi wa kahawia. Usichokoe vitundu kwa waya, vinapanuka na vipimo vinaharibika. Skrubu za L na H, zinazorekebisha mafuta ya mwendo mdogo na mwendo mkubwa, nilizifunga taratibu nikihesabu mizunguko, nikaiandika, kisha nikazirudisha palepale. Dayaframu na gasketi mpya nilizipata zikiuzwa pamoja kama seti, bei ndogo kuliko kabureta nzima.

Iliwaka, na choki ikafunguliwa bila kuzima. Lakini nilipokandamiza eksileta ilizubaa, haipandi. Nikatazama nyuma, kwenye eksozi. Ndani ya tundu la kutolea moshi kuna wavu wa kuzuia cheche, na wangu ulikuwa umezibwa na masizi magumu. Moshi usipopata njia ya kutoka, hewa mpya haipati njia ya kuingia. Injini ilipopoa niliutoa, nikausugua kwa brashi ya waya mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Baada ya hapo ilipanda kwa sauti moja, na nyasi zilizokuwa zimenifika magotini zikalala.

Ikitokea plagi umeikuta imelowa, usiendelee kuvuta kwa choki. Ikaushe plagi, geuza mashine tundu likitazama chini, vuta mara kadhaa ili mafuta yaliyozidi yatoke, kisha rudisha plagi, fungua choki, kandamiza eksileta mpaka mwisho na uvute. Ikikataa hata ikiwa kavu, rudi kwenye cheche: kofia ya plagi, waya wa swichi, na mwisho mwanya kati ya koili na sumaku, ambao kwa kawaida ni karibu na 0.3 mm.

Siku hizi kabla ya kuiweka stoo humwaga mafuta yote, nikabonyeza kipira mpaka kiwe tupu, kisha nikaiwasha na kuiacha inguruma mpaka ijizime yenyewe.