Siku moja maishani mwangu: mtunza silaha wa kituo cha polisi

Saa 10 na nusu alfajiri

Kota tunazokaa zimebanana kiasi kwamba jirani akiwasha jiko, familia tatu zinajua anapika nini. Mama yangu amekuwa akikaa nami tangu baba afariki, na siku zote namkuta ameshaamka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo uko ndani au uko nje?"

Hilo ndilo swali lake la kila asubuhi. Nje, kwake yeye, ni lindo la benki, ni kizuizi cha barabarani, ni doria ya usiku. Ndani ni ghala la silaha, kwenye dirisha la nondo ninapokaa na daftari langu. Namjibu kuwa niko ndani, naye anashusha pumzi na kunimiminia chai.

Simkumbushi kwamba wale wa Stakishari walikuwa ndani. Usiku wa Julai 12, 2015, watu wenye silaha walivamia Kituo cha Polisi Stakishari, Ukonga, hapa hapa Dar es Salaam. Waliua watu 7, askari 4 na raia 3, wakabeba bunduki za kituo wakaondoka. Raia hao watatu ninawawaza sana. Mtu anakwenda kituoni kwa sababu ana shida, anaamini kwamba akishafika pale kaunta amefika mahali pa usalama.

Mimi ni koplo, mwanamke, kituo changu kiko Dar es Salaam. Zaidi ya hapo nisamehewe. Saa ninazotaja ni za siku yangu mimi, si za malindo, na hesabu ya bunduki zetu hamtaiona hapa. Wasomaji wa mtandaoni ni wengi, na si wote wanaotutakia mema.

Saa 11 na nusu

Napokea ghala kutoka kwa mwenzangu wa usiku. Hatupokezani kwa maneno. Anashika bunduki, anasoma namba iliyogongwa kwenye chuma, mimi naifuata kwa kidole kwenye daftari, natia alama. Ikifika mwisho tunarudia kwa risasi. Akiwa na usingizi namwambia akanawe uso turudie upya, na hanung'uniki, kwa sababu zamu ikigeuka naye ananifanyia hivyo hivyo.

Namba hizo zina uzito ambao wengi hawaujui. Itifaki ya Nairobi ya 2004, makubaliano ya kudhibiti silaha ndogo, ambayo nchi yetu imo pamoja na wenzetu wa Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inataka silaha iwekwe alama na kumbukumbu zake zitunzwe. Siku chache baada ya Stakishari, polisi walifukua silaha zilizokuwa zimefichwa porini Mkuranga, nyingi zikiwa ni zile zilizoporwa kituoni. Bila daftari la mtu fulani, aliyekaa kwenye dirisha kama hili langu na kuandika namba kwa mwandiko unaosomeka, ungejuaje kuwa hii ni ya Stakishari?

Saa 12 asubuhi

Paredi ikivunjwa, wanajipanga dirishani. "Jambo afande!" "Jambo." Natoa bunduki ikiwa magazini, kile kisanduku cha risasi, imetenganishwa, nafungua chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, mbele ya mwenye kuichukua aone kwa macho yake kuwa ni tupu, nasoma namba, anairudia, risasi tunazihesabu juu ya meza, anasaini. Kisha anakwenda kwenye sanduku la mchanga kuiandaa, mtutu ukielekea chini.

Leo kuna kijana ametoka chuo cha polisi Moshi majuzi, viatu vinang'aa, shingo bado nyembamba ndani ya kola. Amepangiwa lindo la benki. Namshikilia bunduki kidogo kabla sijamwachia.

"Mwanangu, huko unakokwenda unalinda nini?"

"Fedha, afande."

"Na nini kingine?"

Anafikiri. "Wateja, afande. Na wafanyakazi."

"Na hii," namwambia, nikimwonyesha bunduki. "Mwizi wa fedha anaijia benki. Yupo mwingine anayekuja kwa ajili ya hii tu, na ili aipate inabidi aanze na wewe."

Nina sababu ya kumwambia hivyo. Septemba 2014 kituo cha Ushirombo, wilayani Bukombe, kilivamiwa usiku, askari 2 wakafa, bunduki zikachukuliwa. Januari 2015 ikawa zamu ya Ikwiriri, Rufiji. Tena askari 2, tena bunduki. Julai, Stakishari. Agosti 23, 2016, askari 4 waliuawa mbele ya tawi la benki pale Mbande, Mbagala, na silaha zao zikaporwa. Aprili 13, 2017, gari la askari lilishambuliwa kijijini Mkengeni, wilayani Kibiti, wakafa 8, na wauaji wakaondoka na bunduki. Watu wakisikia habari hizo moja moja husema ni ujambazi, wengine husema ni ugaidi, na wachunguzi wana kazi yao. Mimi ninayekaa na daftari naona mstari mmoja unaopita katikati ya matukio yote: askari aliuawa kwa ajili ya kile alichokuwa amekibeba begani. Bunduki niliyomkabidhi ili imlinde ndiyo hiyo hiyo iliyomfanya atafutwe.

Wenzetu wa Kenya walipopoteza askari zaidi ya 40 kwa siku moja, Novemba 2012, katika Bonde la Suguta karibu na Baragoi, walikuwa wamefuata mifugo iliyoibwa. Kule askari walikwenda wakakuta mtego. Huku kwetu askari alifuatwa pale pale alipowekwa asimame.

Kijana anasaini. Namuuliza swali la mwisho ninalowauliza wote: "Mgongo wako leo unaangaliwa na nani?" Lazima anitajie mwenzake wa lindo kwa jina. Asiyejua jina haondoki dirishani. Wapo wanaoona nawapotezea muda, na wapo wanaoniita mama wa kambo nikigeuka. Sawa tu.

Saa 3 asubuhi

Usafi. Jiji letu liko pwani na hewa ya chumvi inaingia hata kwenye chumba kilichofungwa. Chuma ukikiacha bila mafuta unakikuta na madoa mekundu, na wakati wa masika hali huwa mbaya zaidi. Navua koti la sare, natandika gunia, nafungua moja baada ya nyingine. Fimbo, kitambaa, mafuta. Naanza na mtutu, halafu chemba, halafu springi ya magazini. Springi iliyolegea haisukumi risasi juu, na askari atagundua hilo siku ambayo hana nafasi ya kugundua chochote.

SMG, kama tunavyoziita hapa kwetu bunduki za aina ya AK-47, ni bunduki ngumu kufa, inavumilia vumbi na maji. Magazini yake hubeba risasi 30. Iliundwa kwa ajili ya vita, adui akiwa mbali nawe na akijulikana kuwa ni adui. Mlango wa benki ni jambo jingine kabisa. Anayekuja ni mama na mtoto, ni mzee na kitabu cha akiba, ni kijana wa bodaboda anayeuliza mashine ya kutolea pesa kama inafanya kazi. Anasimama hatua mbili kutoka kwako, na adabu inataka umjibu. Kama ndiye muuaji, ameshakufikia. Wewe bunduki iko begani, uishushe, uachie kufuli, ukoki, ulenge. Yeye mkono wake uko tayari ndani ya shati.

Kwa hiyo ninaposikia mtu akiuliza, "Sasa wana bunduki, wanauawaje kirahisi hivyo?", namwomba aje asimame hapo nusu saa tu, jua la saa nane likiwa usoni. Askari hawezi kumnyooshea mtutu kila anayemsogelea. Sheria haimruhusu, na mimi nisingependa kuishi katika jiji la namna hiyo. Anabaki na macho yake, na umbali, na mwenzake. Hivyo vitatu ndivyo ninavyowaimbia kila asubuhi. Msisimame pamoja. Msikae kwenye benchi moja. Simu iwe mfukoni. Mmoja akizungumza na mtu, mwingine aangalie mikono ya yule mtu.

Saa 7 mchana

Ugali na samaki kwa mama lishe wa nyuma ya kituo, dada ambaye anatujua sote na madeni yetu. Namwachia mwenzangu funguo kwa maandishi, nasaini, nakula haraka.

Mchana kama huu, Agosti 25, 2021, ndipo mtu mmoja mwenye silaha alipowapiga risasi askari karibu na Ubalozi wa Ufaransa, Kinondoni. Alianza na bastola, akiwa karibu nao. Akachukua bunduki zao, akaendelea kurusha risasi nazo barabarani. Kabla hajauawa, askari 3 walikuwa wamekufa pamoja na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi ya ulinzi. Video zilizagaa kwenye simu siku ile ile. Watoto wa askari waliziona kabla mama zao hawajapata la kuwaambia.

Jioni ile nilipanda daladala nikiwa sijavaa sare. Kijana mmoja nyuma yangu akasema, "Wacha wafe, wametunyanyasa sana." Wawili watatu wakacheka. Sikugeuka, lakini maneno yale ninayo mpaka leo, na ningependa kumjibu hapa.

Ndugu yangu, kama askari amekudai rushwa, au amekupiga, au amekubambikia kesi, una haki ya kuwa na hasira, na una haki ya kumshitaki. Ninawajua wanaotuharibia jina na siwatetei. Lakini askari aliyesimama juani mlangoni pa benki amepangwa pale na orodha ya zamu. Hajakudai kitu. Ana mama kijijini anayesubiri hela ya dawa. Anayemuua hamuulizi amewahi kuchukua rushwa au la, na bunduki aliyoichukua kesho haimfuati askari mwingine peke yake. Pale Kibiti, Rufiji na Mkuranga, baina ya 2016 na 2017, waliouawa kwa risasi pamoja na askari walikuwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watu wa kawaida waliokutwa majumbani mwao jioni. Wanakijiji walilala na hofu miezi mingi, na mateso yao hayakuandikwa vya kutosha.

Saa 9 alasiri

Makaratasi. Nimeandika ombi la taa kwa ajili ya lindo moja ambalo jioni lina kiza upande wa nyuma. Nimeambatisha mchoro niliouchora mwenyewe kwa rula, unaoonyesha ukuta ulipo, askari anaposimama, na mahali mtu anapoweza kujibanza asionekane. Ombi kama hilo limewahi kurudishwa kwa sababu ya bajeti. Naliandika upya, kwa maneno machache kuliko lile la kwanza, kwa sababu nimejifunza kwamba mkubwa husoma mistari mitano ya mwanzo.

Saa 12 jioni

Hii ndiyo saa ninayoiogopa. Mbande ilikuwa jioni, lindo linabadilishwa. Mkengeni ilikuwa jioni, askari wako garini wakirudi kutoka kubadilishana lindo. Na ukikaa ukafikiri, unaona kwa nini. Anayetoka amechoka, akili iko nyumbani. Anayeingia bado hajauzoea mtaa. Gari limesimama, wote wamekusanyika mahali pamoja, wanasalimiana, mmoja anafunga kamba ya kiatu, mwingine anauliza matokeo ya mpira. Kwa dakika hizo chache bunduki ni nyingi na macho ni machache. Ndiyo maana nikiwa na nafasi ya kusema mbele ya paredi, nasema jambo hili moja: anayepokea lindo ashuke kwanza, atazame, asimame mbali, na anayeondoka asilegeze mpaka gari liwe limetembea. Salamu mtasalimiana kituoni.

Wanarudi mmoja mmoja dirishani. Namba, chemba, risasi, sahihi. Kila mstari ukifungwa napumua.

Mstari mmoja haujafungwa. Ni yule kijana wa Moshi na mwenzake. Saa inakwenda, giza linaingia, redio inasema gari liko kwenye foleni barabara ya Kilwa. Barabara ya Kilwa jioni ina foleni, kila mtu analijua hilo, na bado mkono wangu hauwezi kufanya kazi nyingine. Napanga magazini zilizokwisha kupangwa. Mkuu wa kituo anapita, anatazama daftari, hasemi kitu, anavuta kiti anakaa.

Wanafika. Namfokea kijana kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka kaunta: kwa nini hakupiga simu? Anasema mwenyewe nilimwambia simu iwe mfukoni. Mkuu wa kituo anacheka. Namwambia ndani ya gari ni ruhusa, mmoja akipiga wa pili anaangalia nje. Anasaini. Namuuliza jina la mwenzake, ananitajia pamoja na ukoo na kijiji anachotoka.

Saa 2 usiku

Nakabidhi ghala. Tunasoma namba zote tena, mwanzo mpaka mwisho. Kabla mkuu wa kituo hajaondoka nimempa lile ombi la taa mkononi, lenye mchoro, na nimemwomba alisome mbele yangu. Amelisoma akiwa amesimama. Ameniuliza maswali mawili kuhusu ukuta, na tumekubaliana kwamba kesho saa 12 jioni, kabla lindo halijabadilishwa, tutakwenda wote wawili tukasimame pale kizani, aone mwenyewe.