Nilivyogundua ngano inapozama bila dimbwi kuonekana

Kila msimu wa mvua nyingi, sehemu ileile ya shamba langu la ngano iligeuka manjano, kuanzia majani ya chini. Juu ya ardhi hapakuwa na dimbwi. Niliongeza mbolea ya naitrojeni, rangi haikurudi.

Jibu lilikuwa chini. Nilichimba vishimo vyembamba vya kina cha sentimita 60, vingine penye shida na vingine penye ngano nzuri, nikavifunika ili mvua isiingie moja kwa moja. Baada ya kila mvua kubwa nilipima maji yamesimama wapi. Penye shida yalipanda hadi pungufu ya sentimita 30 kutoka juu, na yakakaa siku kadhaa. Hapo mizizi hukosa oksijeni, na naitrojeni hupotea hewani kama gesi kabla mmea haujaifaidi. Udongo wenyewe nao ulikuwa shahidi: kijivu chenye madoa ya kutu, na chini yake tabaka gumu la mfinyanzi. Madoa hayo huonekana hata kiangazi, ndiyo maana nayaamini kuliko dalili za majani.

Nilichimba mtaro upande wa juu kukinga maji ya mteremko, nikatengeneza matuta mapana. Nilipanda mapema pia, kwa sababu mbegu iliyoota lakini haijachomoza ndiyo hufa upesi zaidi. Msimu uliofuata maji yalishuka haraka, na mbolea niliyosubiri kuiweka hadi udongo upungue maji ilifanya kazi. Vishimo bado navipima.