Kumbukumbu ya mradi: Mombasa hadi Nakuru kwa kuzunguka kaskazini

Mume wangu alipohamishiwa Nakuru, tulikubaliana vyombo vya nyumba viende na lori kwa njia ya Nairobi. Sisi wawili tungekwenda na Land Cruiser yetu kwa njia ndefu: Nanyuki, Isiolo, Marsabit, jangwa la Chalbi, North Horr, Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, kisha kushuka kwa South Horr, Baragoi na Maralal. Ni safari tuliyokuwa tukiizungumza tangu tuoane, na hatukutaka kuiahirisha tena.

Mradi una pande mbili. Upande wangu ni gari: ninaliendesha mimi, na mengi ya yaliyotengenezwa nimeyasimamia mwenyewe. Upande wa mume wangu ni daftari la njia. Kila tunapomkuta mtu aliyetoka tunakokwenda, anaandika ameambiwa nini, na nani (dereva wa lori, mchungaji, askari, mwenye duka), na mtu huyo alipita huko lini. Ramani tulizo nazo ni nzuri, lakini hazikwambii kama laga, yaani mto mkavu unaojaa ghafla mvua inaponyesha, ilishuka jana usiku. Kule kaskazini habari ya njia huharibika upesi, na ile ya wiki iliyopita inaweza kukuingiza matopeni.

Gari

Injini ni 1HZ ya dizeli, silinda 6, lita 4.2, haina kompyuta ndani yake. Nililichagua gari hili kwa sababu hiyo. Fundi utakayempata katika vituo vidogo vya kule ana spana, nyundo na mashine ya kuchomelea, na kwa gari la aina hii hivyo vinatosha.

Kazi iliyotula muda ilikuwa kutu. Gari lililoishi Mombasa huliwa na hewa ya bahari kuanzia chini, mahali ambapo huoni mpaka ulale chali chini yake na tochi. Tulikwangua chasisi yote, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, na mabomba ya breki tukayabadilisha yote, hata yale ambayo fundi alisema bado yana maisha. Springi za nyuma tuliziongezea bamba moja kila upande. Shokomzoba mpya nne. Rejeta ilifunguliwa ikasafishwa, na belti za zamani zilizokuwa bado nzima tukazihifadhi chini ya kiti kama akiba.

Kisha uzito. Kutoka Marsabit hadi Maralal kwa kupitia ziwani ni karibu kilomita 500, na kwenye mchanga gari hili linakunywa sana, kwa hiyo tulibeba jerikeni nne za dizeli za lita 20 juu ya tangi iliyojaa. Loiyangalani unaweza kupata dizeli ya mapipa, lakini hiyo usiifanye tegemeo. Maji tulibeba lita 80. Vitu vizito vyote vilikaa sakafuni nyuma ya viti, vikafungwa kwa mikanda. Kwenye keria juu ya paa tuliweka hema, turubai na magodoro tu. Ukipakia maji na mafuta juu, gari linayumba, na barabara mbovu itaikata keria kwenye maungio.

Isiolo hadi Marsabit

Hapa daftari lina mistari michache, kwa sababu lami ni nzuri mwanzo hadi mwisho. Watu wa huku wanakumbuka vizuri enzi za kabla ya lami hii, magari yalipokuwa yakisafiri kwa msafara na askari wenye bunduki. Sasa unavuka Ewaso Ng'iro pale Archer's Post, mlima Ololokwe unasimama mbele yako na kilele chake bapa, unapita Merille, Laisamis, Logologo, na ghafla barabara inapanda, joto linaisha, unaingia kwenye msitu wenye ukungu. Huo ndio Marsabit, mlima wa volkano katikati ya nchi kavu. Ndiko alikoishi Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970. Alikufa 1974, na sanamu yake yenye ukubwa wake halisi iko uani kwa Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Marsabit tulikaa zaidi ya tulivyopanga, kwa ajili ya Chalbi. Mvua ilikuwa imenyesha, na kila tuliyemuuliza alikuwa na jibu lake. Mwishowe tulimpata dereva wa lori la mbuzi aliyekuwa ameingia kutoka North Horr asubuhi hiyo hiyo, matope ya kijivu yangali mabichi kwenye matairi. Alimwangalia mume wangu aliyeshika daftari, akaniangalia mimi niliyeshika funguo, akanielekea mimi.

"Mama, juu pamekauka, chini bado. Mshike alama za lori zetu. Usitoke hata pale kando panapoonekana pazuri kuliko njia. Hapo pazuri ndipo pabaya."

Mume wangu aliyaandika yote, neno kwa neno.

Chalbi

Barabara inaachana na lami Bubisa, inashika kushoto kuelekea Maikona. Baada ya hapo nchi inafunguka. Chalbi ilikuwa ziwa zamani, na bado ina umbo la ziwa: sakafu bapa, nyeupe kwa chumvi, bila mti wala jiwe, na mbele yako mazigazi yanayoonekana kuwa maji kila upande. Nilipunguza upepo wa tairi hadi pauni 22, nikashika mwendo mmoja, wala si wa kasi.

Tulisimama mara moja pale palipoonekana pagumu kabisa, mume wangu ashuke apime. Alikanyaga hatua chache nje ya alama, akasukuma kisigino. Ganda lilikuwa na unene wa kidole, jeupe juu, limepasukapasuka vipande. Lilivunjika bila sauti, na chini yake ukatoka udongo mweusi laini, wenye maji, ukafika kwenye kifundo cha mguu. Kutoka alama ya lori hadi pale ilikuwa hatua nne. Gari la tani tatu lingezama hadi kwenye eksili, na hapana mti wa kufungia kamba hata ukitazama mpaka macho yachoke. Aliandika: "Hatua 4. Dereva wa mbuzi, Marsabit, leo. KWELI." Mtu yule hatumjui jina, na ninamwombea heri kila ninapousoma mstari huo.

Kalacha ina chemchemi na mikoma, na kivuli cha mkoma baada ya weupe ule ni kitu cha kukaa chini na kushukuru. Ngamia walikuwa wakinyweshwa kwa zamu. Mama mmoja wa Kigabra alituonyesha nyumba yake ikiwa imefungwa tayari kuhama: fito zilizopindwa, mikeka ya katani, ngozi, vyombo vya maziwa vilivyofumwa, vyote juu ya ngamia. Kwa Wagabra, nyumba hujengwa na wanawake. Nilitazama sana jinsi alivyopanga mzigo: vizito chini karibu na mbavu, vyepesi juu, na kila kamba ina kazi. Nilirudi garini nikafunga upya mikanda ya jerikeni.

North Horr hadi ziwani

Kipande hiki ndicho kigumu kuliko vyote, na ndicho nilichokipenda zaidi. Kwanza mchanga, halafu mawe meusi ya volkano yenye ncha. Kwenye mchanga unataka tairi laini, kwenye mawe unataka tairi lililojaa, na vyote viwili vinapokezana. Tulikuwa na kompresa ndogo inayotumia betri ya gari, na hakuna kifaa kilichofanya kazi kuliko hicho. Kuwa mvivu wa kujaza upepo ndiko kunakopasua tairi ubavuni, na ubavu haubandikiki. Hata kwa kujaza, tairi moja la nyuma lilichanwa na jiwe. Tulikuwa na akiba mbili, tukabadilisha, tukaendelea.

Kisha mlima Kulal uko kushoto, na ziwa linatokea kulia.

Watu wa huku walikuwa na majina yao ya ziwa hili karne nyingi kabla Samuel Teleki hajalifikia mwaka 1888 na kulipa jina la mwana wa mfalme wa Austria. Jina la Turkana limetumika rasmi tangu 1975. Maji yake yana magadi, rangi inabadilika kadiri upepo unavyopiga, na mengi mno yanatoka Ethiopia kwa mto Omo. Miaka ya karibuni yamepanda. Kwenye vijiji vya Waelmolo tulionyeshwa palipokuwa na nyumba na makaburi, sasa pana maji. Mzee aliyetuonyesha hakutaka tuyapige picha, na hatukupiga.

Upepo wa Loiyangalani usiku siwezi kuueleza kwa mtu ambaye hajaulalia. Hewa inabanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, inapita hapa kwa nguvu, na huzidi saa za usiku hadi asubuhi. Hema hatukuthubutu kulisimamisha. Tulilala kwenye kibanda cha kukodi chini ya mikoma, mlango umeegemezwa jiwe. Kesho yake, tukipanda kuelekea kusini, tulipita kati ya mitambo ya upepo ya Sarima: 365, yenye uwezo wa megawati 310. Barabara waliyoitengeneza ili kuileta mitambo hiyo ni nzuri, ila imejaa mikunjo kama bati la paa. Hapo shokomzoba zilipata moto hata mkono haukuweza kuzishika, nikawa nasimama kila baada ya muda zipoe.

Laga ya South Horr

Ukiingia bonde la South Horr, kati ya mlima Nyiru na Ol Doinyo Mara, kuna miti mikubwa na kivuli. Kuna pia laga, na mvua ya milimani haikupi taarifa. Tuliikuta moja ikiwa na maji ya kahawia, upana wa kama barabara mbili. Vijana wawili wa Kisamburu walikuwa wameketi ukingoni wakisubiri na mbuzi wao. Tuliwaamkia, tukauliza. Mmoja alichomeka kijiti pale maji yalipokomea, akasema tukae.

Tukakaa. Tukachemsha chai, tukainywa pamoja. Kijiti kilibaki kwenye mchanga mkavu, maji yakirudi nyuma polepole. Yalipoacha upana wa viganja viwili, kijana alivua viatu vyake vya tairi, akavuka akipapasa na fimbo, akarudi, akatuonyesha mkono: kushoto, halafu nyoosha. Nilivuka kwa gia ndogo bila kubadilisha wala kusimama. Daftarini: "Vijana wa mbuzi. Kijiti. Subiri mpaka viganja 2." Hii imekuwa kanuni yetu.

Baragoi, Maralal, Nakuru

Baragoi tulipiga ripoti polisi kabla ya kuendelea, na kila anayepita afanye hivyo, asafiri mchana tu. Eneo hili lina msiba wake. Novemba 2012 zaidi ya askari 40 waliuawa Bonde la Suguta, na wizi wa mifugo ungali unaua watu. Tuliambiwa njia ni shwari, tukaambiwa pia wapi tusisimame. Yote yameandikwa, na tarehe.

Kabla ya Maralal tulipinda kwenda Losiolo. Ardhi inakatika miguuni pako, na Suguta yote iko chini, buluu juu ya buluu. Mume wangu alifunga daftari.

Maralal ndiko Jomo Kenyatta alikozuiliwa mwaka 1961 kabla ya kuachiliwa, na nyumba ipo bado. Kuanzia hapo mambo yakawa mepesi: lami hadi Rumuruti, Nyahururu na maporomoko yake ya mita 74, tukavuka ikweta, tukateremka Subukia, Nakuru hii hapa, jiji tangu Desemba 2021, na matatu zake, na lori la vyombo vyetu lilishafika siku nyingi.

Ukaguzi baada ya safari: bushi za springi za nyuma zimekwisha upande wa kulia. Bomba moja la breki limekwaruzwa na jiwe, litabadilishwa. Chujio la hewa lilikuwa limeziba kwa vumbi jeupe la Chalbi. Chasisi haina ufa. Keria haina ufa. Tairi lililochanwa halifai tena.

Daftari tunalichapa sasa, kila habari na tarehe yake, ili anayelisoma ajue umri wa anachosoma. Nakala ya kwanza itakwenda Marsabit, kwenye hoteli ile wanakokula madereva wa lori za mbuzi. Kipande kilichobaki ni njia ya Laisamis hadi ziwani kwa kupitia Ngurunit, ambayo hatujaipita. Bushi zikishaingia, tutaangalia mvua za mwisho wa mwaka zitakavyokuwa.