Nami Nimemwita Maryam

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu na dada zangu.

Wiki hii nilikusudia kuandika juu ya subira, na ukurasa mmoja nilikuwa nimeshaumaliza. Ukurasa huo nimeuweka kando. Jumapili, kabla ya adhana ya Alfajiri, Mwenyezi Mungu alituruzuku binti. Ni mtoto wetu wa 4, na wa kwanza wa kike baada ya wavulana 3. Uchungu ulimshika mama yake tangu Jumamosi adhuhuri, akajifungua salama, Alhamdulillah. Nilimpokea mtoto mkononi nikamwadhinia sikio la kulia, na tangu saa ile sikuwa na jambo jingine kichwani ila jina.

Alasiri ya siku hiyohiyo nilishuka barazani, pale tunapokaa kila siku kunywa kahawa tukitazama majahazi yakirudi. Niliwaambia wenzangu: nimepata mwana wa kike, nisaidieni jina. Mnajua watu wa Amu, yaani Lamu, wakiulizwa jambo la furaha. Kahawa iliongezwa, na kila mtu akaleta lake. Mmoja alisema Hafsa, mwingine Sumayya, mwingine Nusayba. Kijana mmoja alileta jina alilolisikia kwenye tamthilia ya Kituruki, na alipoulizwa maana yake akasema halijui ila ni zuri. Rafiki yetu aliyeko Jeddah alipiga simu usiku kuleta matatu. Nilikuwa nikiyaandika nyuma ya risiti ya saruji, na kufikia Jumatano risiti ilikuwa imejaa hadi pembeni, majina 23, na doa la kahawa katikati.

Kuuliza si kosa, nianze hapo. Abu Musa al-Ash'ari, radhi za Allah ziwe juu yake, alipopata mtoto alimchukua akampeleka kwa Mtume (s.a.w.), Mtume akampa jina la Ibrahim, akamtafunia tende akamtia kinywani, akamwombea baraka. Masahaba walikuwa wakipeleka watoto wao kwa mtu mwema ili awape jina na dua. Na jina si jambo dogo. Mtume alimkuta mwanamke aitwaye Asiya, yaani muasi, akambadilisha akamwita Jamila. Na mnakijua kisa cha yule babu yake Said bin al-Musayyib aliyeitwa Hazn, maana yake ugumu. Mtume alimwambia, wewe ni Sahl, yaani wepesi. Akajibu kwamba jina alilopewa na baba yake halibadilishi. Said mwenyewe akasema baadaye kwamba ugumu ule haukuwatoka katika ukoo wao. Basi nilipokuwa nikiuliza barazani niliona nafanya jambo la kheri, na nusu yake ilikuwa kheri kweli.

Nusu ya pili niliigundua usiku wa kuamkia Alhamisi.

Shangazi alikuwa ameshamaliza kumkanda mzazi kwa maji ya moto, uji wa pilipili manga umebaki nusu kikombe, ubani unazima chetezoni. Mtoto alikuwa akinyonya. Nilikaa ukingoni mwa kitanda na risiti yangu, nikaanza kumsomea mke wangu majina, moja moja, pamoja na maana zake na nani aliyeleta lipi. Alinisikiliza. Nilipofika la 17 aliinua mkono wake, ule usiomshika mtoto, akauweka juu ya karatasi. Akasema taratibu: "Wote umewauza. Mimi hukuniuza."

Ndugu wa bara mnaosoma, kwetu Amu kuuza ni kuuliza. Aliniambia kwamba nimewauliza watu wote, na yeye sikumuuliza.

Sikuwa na jibu. Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni. Na katika ule ukimya nilihesabu watoto wangu. Wa kwanza nilimpa jina la marehemu baba yangu, kama ilivyo desturi yetu, na sikumuuliza mke wangu, nilimjulisha tu. Wa pili ni jina la babu. Wa tatu nilimwita Swaleh, kwa mapenzi tuliyonayo watu wa Langoni kwa mwanachuoni wetu Habib Swaleh, ambaye tangu alipotoka Ngazija akaweka darasa mtaani kwetu, ukiita jina hilo nje ya msikiti wa Riyadha baada ya sala watageuka watu wanne. Majina mema yote matatu. Hata moja sikumuuliza aliyewabeba.

Na huyu wa kwanza, mniruhusu niseme, kwa sababu ndilo lililonichoma zaidi. Mke wangu kwa heshima ya mkwewe halitamki jina la baba yangu. Hakulitamka baba alipokuwa hai, na hajalitamka alipofariki. Kwa hiyo mtoto wake wa kwanza, aliyemzaa kwa shida, hajawahi kumwita kwa jina lake. Humwita Bwana. Miaka 11 anamwita Bwana, na mimi miaka 11 nasikia na sikuwahi kukaa nikawaza maana yake.

Baadaye, mtoto alipolala, nilimuuliza. Nilimwambia, basi nakuuliza sasa, una jina? Akacheka kidogo, akasema analo tangu mimba ya miezi mitano, kabla hata hatujajua ni mke au mume. Kila baada ya Alfajiri alikuwa akisoma Aal Imran, akifika kwenye aya ya mke wa Imrani anasimama hapo, anaweka mkono tumboni, analitaja jina alilomchagulia mtoto kimya kimya. Ni jina la nyanya yake aliyemlea na kumsomesha alifu kwa kijiti juu ya herufi, yeye akiwa na miaka minne. Miezi minne mizima alikuwa na jina, na mimi nalala naye nyumba moja.

Niliposali Alfajiri nikaufungua msahafu pale pale alipokuwa akipasoma yeye. Aya ya 35 na ya 36. Mke wa Imrani ameweka nadhiri kilichomo tumboni mwake kiwe wakfu kwa Mola wake. Alipojifungua akasema: Mola wangu, nimemzaa mwanamke. Na Allah anajua zaidi alichokizaa. Kisha maneno haya: Nami nimemwita Maryam, nami namkinga kwako, yeye na uzao wake, na Shetani aliyelaaniwa.

Nimeisoma aya hii tangu chuoni. Nimeisikia katika darasa mara nyingi, na kila mara tulipita kwenda kwa Zakariya na mihrabu na riziki inayotoka kwa Allah. Nami nimemwita. Ni mama anayesema. Katika Qur'ani nzima, mwanamke mmoja tu ndiye aliyetajwa kwa jina lake, na jina hilo lilichaguliwa na mama yake mzazi. Mwenyezi Mungu angeweza kutuambia kwamba mtoto aliitwa Maryam, ikatosha. Lakini alitaka tuisikie sauti ya mama akimpa mwanawe jina, na aliyahifadhi maneno hayo yasomwe mpaka Siku ya Kiyama. Na tazameni alichokifanya ndani ya pumzi moja: alimpa jina na akamkinga. Jina na dua vilitoka pamoja, kwa mtu yule yule aliyeujua uchungu wake.

Nilipeleka jambo hili barazani Alhamisi. Rafiki yangu mmoja, mtu wa kusoma sana kuliko mimi, alinipinga. Alisema wanazuoni wameeleza kwamba baba na mama wakivutana juu ya jina, haki ni ya baba. Na alisema wafasiri wengi wametaja kwamba Imrani alikuwa ameshafariki Maryam alipozaliwa, kwa hiyo hakukuwa na baba wa kutoa jina. Yote mawili ni kweli na siyapingi. Lakini wanazuoni wamesema wakivutana. Mimi sijawahi kuvutana na mke wangu juu ya jina, kwa sababu ili mvutane lazima kwanza wote wawili muwe mmeulizwa! Haki ya kukata shauri haimwondolei mtu wajibu wa kutaka shauri. Baba aliyepewa haki na Allah ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuogopa namna anavyoitumia.

Ndugu zangu wanaume, hapa nasema na nyinyi, na nasema na mimi kwanza. Sisi ni watu wa kushauriana. Mtu hanunui mashine ya boti ila amewauliza watu kumi. Hapigi lipu ukuta ila ameita fundi watatu. Punda akiumwa mguu, mtaa mzima unatoa rai. Tunapenda kusoma aya ya mambo yao ni kushauriana baina yao, tunaisoma katika mikutano ya msikiti na tunaisoma katika siasa. Tukifika mlangoni kwetu tunaiacha nje pamoja na viatu. Ndani tunatoa habari tu: tumeamua hivi, tumekubaliana hivi. Wewe na nani mmekubaliana?

Qur'ani imeingia ndani ya chumba cha mzazi kabisa. Katika al-Baqara, aya ya 233, Allah anasema kwamba baba na mama wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kwa kuridhiana na kushauriana, hapana kosa juu yao. Kuridhiana na kushauriana, juu ya ziwa! Kama maziwa ya mtoto yanatakiwa yashauriwe na watu wawili, sembuse jina atakaloitwa kaburini kwake na mbele ya Mola wake?

Na kumbukeni Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra. Masahaba kama 1,400, wamevaa ihramu, wamezuiwa kuingia Makka, mioyo imevunjika. Mtume (s.a.w.) akawaambia wasimame wachinje, kisha wanyoe. Hakusimama hata mmoja. Akarudia mara tatu. Akaingia kwa Ummu Salama akamweleza yaliyompata na watu. Mtume anayeteremshiwa wahyi anaingia hemani kumweleza mkewe! Naye hakusema mimi ni mwanamke nitajua nini. Alimwambia: toka, usiseme neno na yeyote, mchinje ngamia wako, mwite kinyozi wako akunyoe. Akatoka akafanya vivyo hivyo. Walipomwona, wote wakainuka wakachinja na kunyoana. Umma uliokwama uliinuliwa kwa shauri la mke mmoja. Mimi nami nilikuwa na mnyama wa kuchinja na kichwa cha kunyoa siku ya saba, kwa akika ya binti yangu, na Ummu Salama wangu alikuwa ndani, sikumuuliza.

Dada zangu, nanyi nina neno moja. Mke wangu amenisamehe, na nilipomuuliza kwa nini hakusema mara zile tatu, alinijibu kwamba aliona si adabu. Adabu ni kitu kizuri na Mungu akuzidishieni. Lakini mwanamume anayekupenda akipotea njia, kumwekea mkono juu ya karatasi yake ni adabu pia.

Ilikuwa niseme na kuhusu majina ya utani tunayobandikana barazani, maana aya ya 11 ya al-Hujurat iko wazi na sisi hatuko mbali na makosa. Nitaiacha kwa wiki nyingine, in shaa Allah.

Kwa marafiki zangu mlioniletea majina 23: sikuyatupa. Risiti iko ndani ya msahafu wangu. Mlinipa kwa mapenzi, na Mungu akipenda yatawafaa wajukuu. Ila niliwakoseeni katika ombi langu, na sasa nalirekebisha. Jina lipo. Ninachokuombeni ni dua, ile ile ya mama yake Maryam. Yeyote atakayeisoma tafakari hii aseme hapo alipo: Ewe Mola, namkinga mtoto huyu kwako, yeye na uzao wake, na Shetani aliyelaaniwa.

Walioko Amu, karibuni kwenye akika kesho Jumamosi baada ya Alasiri. Ni mbuzi mmoja, na nyama itapikwa bila kuvunjwa mifupa kama tulivyozoea. Nywele atanyolewa, zitapimwa kwa fedha, na sadaka yake itapelekwa kwa nyumba tuliyoichagua wawili.

Jina siliandiki hapa. Mama yake atalitamka kwanza, ndani, sikioni mwa binti yake. Kisha atamwita Bwana, mtoto wetu mkubwa, atamnong'oneza, naye atatoka nalo mpaka barazani atuambie wanaume.