Sakafu ya boti futi 14: viputo vimekoma, makasha yamegeuka ndoo

Mkono wa tatu wa epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayofunika plaiwudi, umekauka bila kiputo hata kimoja. Ni wa tatu kwa hesabu tu, maana miwili ya kabla yake imeliwa na grenda.

Boti ni faiba ya zamani, ya kuvulia kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Sakafu yake ilikuwa plaiwudi iliyofunikwa faiba juu, chini ikaachwa wazi. Maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ya sakafu, yakapandia huko, bisibisi ikawa inazama hadi kwenye mpini. Mataruma, yaani mbavu za boti, ni mazima. Nimekata plaiwudi ya mm 12 vipande vitatu ili kila kimoja kitoke bila kung'oa viti, na kila taruma nimelipanulia tundu la maji chini kabisa. Ile marini bodi ya kufungia zege isikudanganye kwa jina: ngozi yake nyeusi haishiki epoksi mpaka uikwangue yote, na ndani mara nyingi kuna mapengo kati ya tabaka.

Sasa viputo. Nilikuwa napaka saa nne asubuhi, ukungu umeondoka na jua limeanza kuuma. Nusu saa baadaye uso mzima una vitobo kama mkate wa kumimina. Nikalaumu rola, nikalaumu kukoroga kwa pupa. Kumbe ni ubao wenyewe: ukipata joto, hewa iliyo ndani inatanuka na kutokea juu, kwenye epoksi iliyokwisha kuanza kuganda. Ubao unaoelekea kupoa hufanya kinyume, hewa inanywea na epoksi inavutwa ndani. Kwa hiyo anika ubao mchana, uingize kivulini, paka saa kumi alasiri.

Hapo likazuka la pili, baridi ya Julai ya Arusha. Usiku nyuzi 12 hivi, asubuhi epoksi bado inanata. Jiko la mkaa chini ya turubai lilikuwa kosa, ukiacha hata hatari ya moto na sumu: hewa ukaa yake pamoja na unyevu wa ukungu viliacha utando wa utelezi kama mafuta, na juu yake hakuna kinachoshika. Utando huo osha kwa maji ya uvuguvugu na dodoki gumu kabla ya msasa, la sivyo msasa unausambaza tu. Kilichosaidia ni balbu mbili za zamani za wati 100. Za LED hazitoi joto la maana.

Na hadena, ile dawa ya kugandisha, usiongeze! Mafundi wa bodi za magari wamezoea poliesta, ambayo ukizidisha kidogo inawahi kukauka. Epoksi hii ni 2 kwa 1 kwa ujazo. Hadena iliyozidi haina cha kushikana nacho na uso unabaki laini. Napima kwa bomba la sindano, jicho silitumi kazi hiyo.

Tundu za skrubu: toboa mm 8, jaza epoksi, ikikauka toboa upya mm 3. Skrubu ziwe za chuma cha pua, zile nyeusi za jipsamu zitapata kutu upesi. Rangi ya mwisho ikiwa mbichi, nyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa, usiteleze na samaki mkononi.

Makasha yalipangwa mawili, ya pembeni, vifuniko vya bawaba. La kushoto limekamilika na linavuja kwenye bawaba, kama yavujavyo karibu yote. La kulia nimeliacha. Ndoo ya rangi ya lita 20 tayari ina kifuniko chenye mpira: kata duara kwenye jukwaa la omo (mbele ya boti), itumbukize, ukingo wake uibebe. Povu la chini ya viti haliguswi, ndilo litakaloishikilia boti isizame ikijaa maji.

Ndoo ina kina cha sm 37, chini ya jukwaa kuna sm 34, kwa hiyo jukwaa linapanda sm 3. Bawaba za kasha la kulia nimezitia kwenye ndoo ya kwanza.