Kuku wa Cornish: simama nyuma yake kabla hujauliza bei

Muuzaji wa Cornish, aina ya kuku wa nyama, hukuonyesha rangi, kisha akakutajia uzito. Vyote viwili havitoshi. Uzito hata broila anao, na rangi machotara huirithi. Cornish hujulikana kwa umbo, na umbo lake huonekana ukimtazama kwa nyuma na kwa juu.

Usimhukumu akiwa tengani. Mtoe atembee kwenye sakafu kavu, nawe usimame nyuma. Miguu iwe minene, imeachana sana, imenyooka mpaka chini. Kipimo chepesi ni ngumi: kwa jogoo mzima, ngumi ya mtu ipite baina ya miguu. Magoti yakikaribiana, ujue na kidari ni chembamba, hata manyoya yakimpamba vipi. Kwa juu, mgongo uwe mpana mabegani na upungue kuelekea mkiani, umbo la moyo. Mkia mfupi, haukusimama.

Halafu mkamate. Nyama ya kidari ijae pande zote mbili za mfupa. Mfupa uliopinda ni kasoro. Mara nyingi unatokana na kukosa madini ya mifupa, au vifaranga wazito kulalia vijiti vyembamba mapema. Manyoya yawe mafupi, magumu, yamebana mwili. Akiwa na manyoya laini yaliyofura, pana damu nyengine.

Upanga wa kichwani ndio unaowapoteza wengi. Wa Cornish ni mdogo, una mistari mitatu ya vijipunje. Lakini upanga huu una nguvu katika kurithiwa: mpandishe jogoo wa Cornish kwa koo wa kienyeji mwenye upanga uliosimama wenye meno, na vifaranga watatoka na upanga mdogo vilevile. Kwa hiyo ukiona upanga wenye meno, mkatae. Ukiona mdogo, endelea kukagua. Kuchi, kuku wa kupigana, naye ana upanga mdogo uliobana kichwa, na wapo wanaouza chotara wa kuchi kwa jina la Cornish. Kuchi ni mrefu, shingo juu, kifua kimeinuka. Cornish ni mpana na yuko karibu na ardhi. Kufanana kwao si ajabu, maana Cornish alitengenezwa Cornwall, Uingereza, karne ya 19, kwa kuchanganya kuku wa kupigana: Asil na Malay kutoka Asia, na wa Kiingereza.

Miguu na ngozi ni ya manjano. Tahadhari hapa: koo anayetaga hupauka miguu, kwani ile manjano huenda kwenye kiini cha yai. Usimtupe kwa hilo.

Uzito upime alfajiri, kabla hajala. Kwa kiwango cha Marekani, jogoo mzima ni kilo 4.75 hivi na koo kilo 3.6, pora (jogoo mchanga) 3.85, tembe (koo mchanga) 2.95. Broila mweupe wa banda si Cornish safi, ingawa asili yake ni Cornish aliyechanganywa na kuku wa aina ya Plymouth Rock.

Sasa lililo zito zaidi kwa anayetaka mbegu. Jogoo mwenye miguu mifupi mno na kidari kipana kupita kiasi hupendeza macho lakini hushindwa kumpanda koo, na mayai yakimulikwa siku ya saba yanakuwa matupu. Kwa kuzalisha, chagua jogoo mwenye mguu wa kiasi, mwepesi wa kutembea, na mitetea wasizidi sita. Punguza kwa mkasi manyoya yanayozunguka njia ya haja, kwa jogoo na kwa koo, kwa sababu manyoya hayo huweza kuzuia mbegu ya jogoo kufika. Usiwanenepeshe, koo wa Cornish si mtagaji mkubwa, na mafuta tumboni hupunguza hayo mayai machache. Wakati wa kaskazi walishe asubuhi mapema na jioni, wasishibe mchana wa jua kali, maana mwili mzito hupoa polepole.

Ukiuziwa mayai ya kuatamisha, iwe Mwanakwerekwe, Unguja, au Chake, Pemba, omba kwanza uonyeshwe jogoo akimpanda koo.